Makazi Pekee

4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamejifanya ya mtu mwingine. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hili jambo nataka nilimalize lote kabla hujaanza kuimba.

Jumatatu alikuja binti mmoja wa manispaa, afisa mipango miji, mpole, viatu vimejaa vumbi. Alinikuta nimekaa chini nachomoa springi kwenye kochi la mwalimu mkuu, misumari imejaa mdomoni. Akaniamkia, nikaitikia kwa pua. Akasema, "Mama, hapa unafanya kazi gani?" Kochi liko mbele yake, limepasuliwa tumbo! Nikatema misumari, nikamwambia, "Nasuka mikeka, mwanangu." Hakucheka. Akatoa karatasi.

Karatasi yenyewe inaitwa zuio. Inasema mtaa wetu, kwenye ramani mpya ya mji, umepangwa kuwa makazi pekee. Yaani nyumba za kulala, kula na kugombana, basi, karakana hakuna. Miaka yote mimi na marehemu tulikuwa tunagonga makochi humu, mji haukuwa na habari na sisi. Leo umechora ramani, umeniona. Natakiwa niombe kubadili matumizi, na mwisho wa Mei niwe nimepata kibali, la sivyo wanakuja na kufuli lao.

Akaniuliza, "Matumizi ya sasa ni yapi?" Nikamwambia mambo ya matumizi yangu sisemi hata kwa ndugu, sukari yangu na sabuni yangu vinamhusu nini? Akanieleza taratibu kwamba si pesa ya matumizi, Mama, ni matumizi ya ardhi. Haya! Mimi ardhi naitumia? Nimeikalia tu.

Halafu akapima. Kile chumba cha kazi alichojenga marehemu, ukuta wake uko karibu mno na uzio wa Bwana Karani, na hakikuwahi kupata kibali cha ujenzi. Kwa hiyo karatasi ni mbili. Mwanangu, wewe kazi yako ni kuchora ramani za nyumba za watu, hii lugha unaijua. Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Wakikifunga kile chumba sijui nitaamka asubuhi niende wapi. Njaa siiogopi, naogopa hiyo asubuhi.

Bwana Karani anakusalimu. Tangu astaafu kule ofisi ya ndoa, kazi yake ni gazeti. Akimaliza kulisoma ananipitishia kwenye ule uwazi wa uzio, mimi nampitishia kikombe cha chai, kisha ananiuliza ukurasa wa mwisho una hadithi gani. Utadhani hajui kusoma!

Shangazi yako

*

10 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hiyo mikeka imenichekesha mpaka bosi akainua kichwa.

Sasa tulia nikueleze. Mji ni kama nyumba yako: jikoni hakulaliwi, chumbani hakupikwi. Wanaopanga mji wanasema hapa watu wakae, pale wauze, kule wachome matofali. Mtaa wako wameuandika "makazi pekee" kwa sababu hawakujua kuna wewe. Ukiomba, wanaweza kukubadilishia uwe "makazi na biashara ndogo". Ila lazima uweke bango getini kwa siku thelathini ili majirani wajue. Mwenye neno, kama vile kelele, harufu ya gundi au magari ya mizigo, anaandika pingamizi na ofisi inamsikiliza.

Maneno ya bango ni haya, mpe mchora mabango ayaandike hivi hivi: "Mwenye nyumba hii anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi pekee kuwa makazi na biashara ndogo. Mwenye pingamizi aliwasilishe manispaa kwa maandishi ndani ya siku thelathini."

Upande wa ukuta, sheria inataka jengo likae mita moja na nusu kutoka kwenye mpaka. Wako uko hatua moja tu. Marehemu alikuwa hapendi kupoteza nafasi. Hapo kuna milango mitatu. Jirani aridhie kwa maandishi. Au ukuta ubomolewe. Au viwanja viwili viunganishwe kuwa kimoja, maana mpaka ukifa, na kesi ya mpaka imekufa. Huo wa tatu tuuache, si wetu. Wako ni ule wa kwanza, na Bwana Karani atatia sahihi kabla chai haijapoa. Ramani ya chumba nitaichora mimi, nitaituma kwa basi la Ijumaa.

Kuna kitu kingine. Kile chumba cha nyuma hapa kwangu nimekipaka rangi, ile ya maziwa unayoipenda. Nimeweka na kitanda. Sisemi kitu, Shangazi. Nasema tu kwamba chumba kipo.

Chiriku wako

*

22 Machi

Chiriku,

Ramani imefika, haina hata kona moja iliyokunjika. Nimeitazama mpaka nikaona aibu: chumba changu kwenye karatasi kizuri kuliko chenyewe.

Na bango liko getini. Mchora mabango amelipigilia mwenyewe, juu kabisa, herufi nyekundu zimejipanga. Mimi rangi niliikagua, maneno sikuyasumbua. Si ni yako? Tena linatazama barabarani na mimi natokea mlango wa nyuma na makochi yangu.

Lakini mwanangu, sikujua mtaa huu unanipenda hivi! Mama wa duka la kona alitoka nje, akanikumbatia, akasema, "Hongera, mwenzangu. Umevumilia sana." Nikamwambia ni kweli, nimevumilia, ila sasa nataka mambo yangu yawe ya halali, yenye karatasi. Akasema, "Na ndivyo inavyotakiwa!" Akaniuliza kama ni mtu wa hapa hapa. Nikamjibu, "Wa hapa, wa kule, sichagui. Atakayekuja na lake bovu nitampokea, nitamshindilia sponji mpya." Akashika mdomo, akarudi dukani mbio. Watu wengine bwana, sijui wana nini.

Fundi baiskeli naye amenipigia saluti. Hata mke wa mchunga mbuzi, ambaye huwa hanisalimii tangu ugomvi wa mbuzi wake na mto wangu wa kochi, amesema ananiombea.

Mmoja tu ndiye simwelewi, na ndiye ninayemhitaji. Bwana Karani ameacha kuleta gazeti. Nilipeleka chai kwenye uwazi, kikombe kikakaa mpaka nzi wakakifanya bwawa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikasikia nyundo, na si yangu. Chiriku, ameziba uwazi! Amepigilia ubao. Miaka yote tumepitishiana chai na gazeti pale, leo ubao. Nilimwita, "Bwana Karani, una nini?" Akajibu ndani kwa ndani, "Kila la heri, Mama." Kila la heri! Kana kwamba naenda vitani.

Sasa ile karatasi ya ridhaa nitampaje? Nimekaa nayo mfukoni mwa aproni. Labda ni kelele za nyundo, labda zilimchosha siku nyingi na alikuwa ananivumilia tu. Hilo linaniuma kuliko ukuta wenyewe.

Shangazi yako

*

2 Aprili

Kwa Mwenye Nyumba,

KUHUSU: PINGAMIZI DHIDI YA TANGAZO LAKO

Ofisi inakujulisha kwamba limepokelewa pingamizi moja la maandishi kutoka kwa jirani yako wa upande wa kaskazini. Kwa kuwa jirani huyo ndiye pia unayehitaji ridhaa yake kuhusu ukuta, maombi yako yote mawili yamesimama kwa sasa.

Unaombwa ufike ofisini kuchukua nakala. Binafsi nakushauri uje mwenyewe, usimtume mtu.

Afisa Mipango Miji

*

3 Aprili

Chiriku,

Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani wa upande wa kaskazini ni nani kama si yeye? Mtu niliyemuuguza malaria, nikamkoroga uji! Mtu niliyemshonea upya kiti chake cha kusomea, nikamtafutia kitambaa kisichochoma mgongo! Ameniandikia pingamizi, tena kwa siri, na mimi nikimpigia hodi ananitakia heri.

Nakala siendi kuichukua. Nikasome nini? Kwamba nyundo yangu inamuumiza kichwa, kwamba gundi yangu inanuka? Angeniambia! Mdomo anao, uwazi ulikuwepo.

Nimechoka, mwanangu. Nimelikalia kochi la mwalimu mkuu tangu asubuhi, sijagonga hata msumari. Mambo ya kusukumana na mtu mliyezeeka naye siyawezi. Chumba chako cha rangi ya maziwa bado kipo? Basi nakuja. Nitauza nyumba, nitakuja na cherehani na sanduku langu la zana, makochi niwaachie wenye nayo. Mtu akubomolee ukuta wako ukiwa unatazama? Hapana, nitaondoka kabla.

Kama nimelia sikwambii.

Shangazi yako

*

8 Aprili

Shangazi yangu,

Chumba kipo. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni pa hicho chumba, nikakiona tayari na sanduku lako la zana chini ya dirisha. Nakwambia kweli, jicho moja lililia, na lingine lilicheka.

Lakini kabla hujauza hata kijiko, naomba vitu viwili. Nenda kachukue nakala. Kazini kwetu naona mapingamizi kila wiki, na afisa hamwambii mtu "uje mwenyewe" kwa ajili ya harufu ya gundi. Humo ndani kuna kitu.

Halafu vuka barabara, simama mbele ya geti lako na miwani yako, ulisome lile bango. Herufi kwa herufi. Uniandikie kilichoandikwa. Ile saluti ya fundi baiskeli hainikai sawa, na mama wa duka kwa nini ashike mdomo? Nani anampa hongera fundi makochi kwa kuomba kibali?

Usimhukumu Bwana Karani kabla. Mtu wa kukupiga vita hakutakii heri kwa sauti ya ndani.

Chiriku wako

*

28 Machi

Kwa Afisa Mipango Miji,

KUHUSU: PINGAMIZI

Mimi ni mkazi wa nyumba inayopakana na ile yenye tangazo. Nilikuwa karani wa ndoa kwa utumishi wangu wote, na nimebandika matangazo ya ndoa mengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Sikujua kwamba kazi hiyo sasa imehamishiwa mipango miji, lakini sisi wastaafu hatuambiwi mabadiliko.

Kwanza, tangazo lina kasoro. Halikutaja jina la mwanamume, wala kazi yake, wala anakotoka. Enzi zetu tangazo la namna hiyo lingerudishwa mezani siku hiyo hiyo.

Pili, napinga. Najua kwamba pingamizi lazima liwe na sababu; mtu hapingi kwa kuwa roho inamuuma. Nimeitafuta sababu ya kisheria. Mama huyu ni mjane, hana mume mahali pengine, na akili zake ni timamu kuliko zangu. Sababu ya kisheria sikuipata. Naandika hiyo niliyonayo.

Kila asubuhi huniamsha nyundo yake. Watu huniuliza kama kelele zile hazinisumbui. Siku nyundo ikichelewa, hukaa kitandani nikisikiliza, na siwezi kunyanyuka mpaka niisikie. Gazeti nikilisoma, ukurasa wa mwisho huuruka makusudi, ili yeye anisimulie. Akisimulia, sauti yake huniambia kwamba amebadilisha mwisho usiompendeza, na mimi huupenda mwisho wake.

Niliona hakuna haraka. Yeye yupo, mimi nipo, uzio upo. Sasa kama Mama anaacha kukaa peke yake, naomba ofisi ifahamu kwamba mimi nilikuwa kwenye foleni siku nyingi, ingawa sikumwambia mtu kwamba nimepanga.

Ikiwa huyo bwana ni mtu mwema, na Mama amempenda kweli, basi pingamizi hili litupiliwe mbali na mimi sitalaumu mtu. Ila lisichanwe. Libaki kwenye faili, ijulikane tu kwamba lilikuwepo.

Karani mstaafu,
jirani wa upande wa kaskazini

*

13 Aprili

Chiriku,

Soma kwanza hiyo nakala niliyoifungia humu, kisha urudi hapa.

Umeisoma? Mimi niliisomea kwenye benchi la manispaa. Yule binti afisa aliniletea maji bila kuombwa, akajifanya anatafuta kitu kabatini. Niliisoma mara ya kwanza sikuelewa. Bwana gani? Ndoa gani? Nikaondoka pale mbio, mimi na magoti yangu, nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara na miwani. Bango linasema hivi:

TANGAZO. MWENYE NYUMBA HII ANAKUSUDIA KUACHA KUKAA PEKE YAKE. MWENYE PINGAMIZI ALIPELEKE MANISPAA KWA MAANDISHI NDANI YA SIKU THELATHINI.

Ee jamani! Wiki tatu! Mji mzima umepita hapo wiki tatu ukisoma kwamba natafuta bwana kwa idhini ya manispaa! Nilimfuata mchora mabango, nikamkuta juu ya ngazi. Akaniambia bila hata kushuka, "Mama, 'makazi pekee' si Kiswahili cha watu, na ubao ulikuwa mdogo. Nikakuwekea maneno yanayoeleweka." Yameeleweka, nikamwambia, yameeleweka vizuri sana. Na mimi nilimwambia mama wa duka kwamba sichagui, kwamba atakayekuja na lake bovu nampokea! Uso nitauweka wapi?

Lakini hiyo aibu ni ya mtaani, itapita. Ninalokuuliza ni hili. Yule mtu amefungua moyo wake kwa sababu ya kosa la mpaka rangi. Nikimwambia, "Bwana Karani, lilikuwa ni tangazo la makochi," atakufa kwa haya. Atafuta pingamizi, atatia sahihi ya ukuta haraka haraka ili nimwondokee, na ule ubao hautatoka tena. Nitapata kibali na nitampoteza yeye. Nisipomwambia, namdanganya, na ukuta unabomolewa.

Na usiniulize mimi mwenyewe najisikiaje. Ukweli ni kwamba hadithi za ukurasa wa mwisho nilikuwa nazibadilisha kwa ajili yake. Nilidhani hajui.

Shangazi yako

*

17 Aprili

Kwa Bwana Karani Mstaafu,
Nakala: Mwenye Nyumba

KUHUSU: PINGAMIZI LAKO LA TAREHE 28 MACHI

Ofisi imelisoma pingamizi lako kwa makini. Inasikitika kukujulisha kwamba tangazo lililo getini lilikosewa na mchora mabango. Mwombaji hakusudii kufunga ndoa. Anakusudia kukarabati makochi.

Pingamizi lako halihusu kelele, harufu, magari wala matumizi ya ardhi, na ofisi hii haina kifungu cha kulishughulikia. Unashauriwa uliwasilishe kwa mhusika mwenyewe. Maombi ya kubadili matumizi yataendelea, na bango litaandikwa upya. Suala la ukuta bado linasubiri ridhaa yako, nalo lina mwisho wake Mei.

Pingamizi halikuchanwa. Lipo kwenye faili kama ulivyoomba.

Afisa Mipango Miji

*

20 Aprili

Shangazi yangu,

Nimeisoma ile nakala nikiwa kazini, ikabidi niende chooni nikanawe uso.

Sasa nisikilize, maana safari hii ni mimi nitakayekutuma. Nenda kwake. Usingojee atoke, hatatoka. Mtu aliyekaa kwenye foleni miaka yote hiyo bila kusema ataweza kukaa ndani mpaka mvua nyingine. Hivi sasa barua ya manispaa inaweza kuwa imeshamfikia, na amekaa kwenye kile kiti ulichomshonea anatamani ardhi ipasuke.

Nina langu la kukiri pia. Uliposema unakuja, nilifurahi kuliko nilivyoandika. Umenilea, nimekuacha huko peke yako, na kila nikipanda ngazi za hapa kwangu nasikia jinsi nyumba ilivyo kimya. Nilitaka uje. Lakini si hivi, Shangazi. Nakutaka uje ukiwa umeamua, si ukiwa umemkimbia mtu.

Unaogopa atakufa kwa haya? Basi oneni haya pamoja, aibu ya wengi ni sherehe. Nenda, tafadhali.

Chiriku wako

*

24 Mei

Mwanangu Chiriku,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa na kazi ya uzio.

Barua ya manispaa ilimfikia kabla yangu. Siku mbili nyumba yake haikuwa na redio wala kikohozi. Ilipofika barua yako, nikavua aproni, nikavaa tena kwa sababu karatasi ya ridhaa ilikuwa mfukoni mwake, nikachukua nyundo nikaenda uzioni nikang'oa ule ubao. Fundi mbaya yule! Misumari yote ameipiga upande. Ubao ulipodondoka nikamkuta amesimama hapo hapo upande wa pili, miwani mkononi, kumbe alikuwa ananisikiliza muda wote.

Akasema, "Mama, nimekosa. Nimeandika barua ya kulifuta pingamizi. Na ridhaa ya ukuta naitia sahihi sasa hivi. Naomba tusilizungumze tena." Nikamtolea karatasi mfukoni mwa aproni, akaiweka juu ya uzio akasaini. Mwandiko wa karani, mzuri hata juu ya uzio.

Ridhaa nikaitia mfukoni. Ile ya kufuta pingamizi nikaichana mbele yake.

"Mama, hiyo ni barua rasmi!"

"Najua. Pingamizi liache lilipo. Waliandika wenyewe, uliwasilishe kwa mhusika. Mhusika ni mimi."

Nikamuuliza gazeti la leo liko wapi. Akalileta. Nikamuuliza ukurasa wa mwisho unasemaje. Akasema, "Sijausoma. Siusomi mimi, siku zote nakungojea wewe." Nikamwambia basi zunguka uje huku kwa mlango wa mbele kama mtu, tusome pamoja, nimechoka kusimulia nikiwa nimeinama kwenye uwazi. Akaja. Alikuwa amevaa tai, Chiriku! Kutoka nyumba ya pili! Alikaa kwenye kochi la mwalimu mkuu, likiwa na mguu mmoja ambao haujafungwa, likamwangusha. Tulicheka mpaka tukakohoa. Na tulipomaliza kucheka hakuondoa mkono wake, na mimi sikuondoa wangu.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Bango jipya lilikaa getini siku zake, hakuna aliyeandika neno, kubadili matumizi kumepita. Ukuta umeridhiwa. Kufuli la manispaa halina kazi kwangu. Asubuhi nagonga, na nikianza tu nasikia dirisha la upande wa pili linafunguliwa.

Ila nina swali la kitaalamu. Ule mlango wako wa tatu, ule uliosema tuuache si wetu, wa kuunganisha viwanja viwili mpaka ufe, unataka fomu gani? Ubao mmoja umeshatoka. Uliobaki ni uvivu tu.

Na lile bango la kwanza, lile la makosa, mchora mabango alitaka kulichukua akaandike lingine juu yake. Bwana Karani akakataa. Amelipigilia tena getini kwangu, safari hii misumari nilimwelekeza mimi. Chini yake ameongeza mstari kwa rangi nyeusi, kwa mkono wake: majina yake yote matatu, kazi yake, na anakotoka, "nyumba ya pili, upande wa kaskazini". Anasema sasa tangazo halina kasoro, na siku zake zimeanza kuhesabiwa upya.

Mwenye pingamizi aandike. Na kwa upande wangu, mtu wa kuulizwa ni wewe peke yako.

Shangazi yako

*

30 Mei

Shangazi yangu,

Fomu nimeifungia humu. Ni ukurasa mmoja tu. Ramani ya viwanja viwili nimeshaichora, usiku ule ule wa kupokea barua yako ningeianza kama macho yangeona vizuri, lakini yalikuwa yamelowa. Nimechora nyumba yako, nimechora yake, na ule mstari wa katikati nimeufuta kwa kifutio mpaka karatasi ikachoka.

Chumba cha rangi ya maziwa nimeenda kukiangalia tena. Kile kitanda ni cha mtu mmoja. Nitatafuta kikubwa, maana mtakuja kunitembelea wote wawili, na Bwana Karani aje na gazeti.

Kuhusu tangazo lililo getini kwako, naiandikia manispaa nakala, na wewe nakupa asili, kwa maandishi, ndani ya muda:

Sina pingamizi.

Chiriku wenu